Milio Iliyofutwa kwa Wino Mwekundu

Nilikuwa katikati ya sentensi ya nne nilipogundua kwamba kwa miezi kumi na moja nilikuwa nimemdanganya mjomba wangu, tena kwa usafi wa hali ya juu.

Sentensi yenyewe haikuwa na makuu. Ilikuwa ya aya ile ambayo wasomaji wengi wa makala za sayansi huiruka, aya ya kueleza kazi ilivyofanyika: chombo gani, saa ngapi, nani aligusa nini. Nilikwisha kuandika kwamba kipande cha madini ya mnururisho, kidogo kuliko punje ya mtama, kilikaa ndani ya chungu kizito cha risasi. Nilikwisha kuandika kwamba mashine iliwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa kumi jioni. Kisha nikaandika, "Kila asubuhi fundi sanifu huupitia utepe wa jana na kuifuta kwa wino mwekundu ile milio iliyo..." na kalamu ikagoma.

Nikairudia kwa sauti, peke yangu, katika chumba chenye harufu ya spiriti na vumbi la chaki. Nje mtu alikuwa anafyeka majani. Ilikuwa Jumatano. Ijumaa saa nne Mjomba angesimama mbele ya chuo kizima kutoa mhadhara wa kuagwa kwa kustaafu, na katika mhadhara huo angetangaza ugunduzi alioungoja miaka thelathini na moja. Ugunduzi huo nilikuwa nimeutengeneza mimi, kwa kalamu nyekundu ya kawaida.

Mjomba ndiye aliyenilea. Baba alipofariki nikiwa darasa la tatu, Mama alinipeleka kwake na sanduku moja la nguo, kwa kuwa nyumba yake ilikuwa hatua chache kutoka shuleni na yeye na mkewe hawakujaliwa watoto. Alinifundisha kugawanya kwa tarakimu mbili na alinifundisha kuuliza kwa nini. Sufuria imefurika, kwa nini? Mlango unalia, kwa nini? Ukimjibu "imetokea tu," sahani yako ilibaki juu ya kabati mpaka ulete jibu lenye kichwa na miguu. Chuoni wanafunzi walimwita Sababu. Alilijua jina hilo, na nina hakika alilipenda kuliko cheo chake.

Nilipomaliza stashahada ya ufundi wa maabara nikapata kazi ya fundi sanifu katika idara yake ya fizikia, kwa mwaka mmoja wa majaribio. Niliipata kwa usaili, nikiwa wa kwanza kati ya kumi na wanne, lakini midomo ya watu haina kufuli. Walisema nimeingia kwa mlango wa nyuma. Nikaapa kwamba hakuna atakayewahi kukuta doa katika kazi yangu. Kiapo hicho ndicho kilichoniponza.

Mashine yetu iliitwa Mbea, kwa sababu haikuweza kunyamazia jambo. Kila chembe iliyochomoka kutoka kwenye kile kipande cha madini na kuingia kwenye mrija wake, Mbea alilia *tik*, na printa ndogo ubavuni mwake ikachapa saa, dakika, sekunde na vipande vya sekunde kwenye utepe wa karatasi kama risiti ya duka. Kwa wastani ulisikia mlio mmoja kila sekunde nne. Lakini wastani ni neno la watu, si la Mbea. Angeweza kukaa kimya sekunde ishirini mpaka ukadhani ameharibika, kisha akafululiza mitatu kwa mkupuo.

Aliyenikabidhi Mbea alikuwa fundi mstaafu tuliyemwita Babu Volti, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipa wiki moja ya mafunzo.

"Huyu ana kigugumizi," aliniambia, akimpiga Mbea kofi la upole. "Akisema tik-tik kwa pamoja, jua moja ni ya kweli na nyingine ni kigugumizi. Hao tunawaita mapacha. Wa pili mfute."

Kazi hiyo aliiita kupalilia. Kila asubuhi, kabla ya kunakili orodha kwenye kompyuta, ulipitia utepe kwa jicho, na pale ambapo milio miwili ilibanana ulipiga mstari mwekundu juu ya wa pili. Hakutumia rula wala saa. Ilikuwa jicho tu. Nikajifunza, nikawa hodari kumzidi yeye. Orodha zangu zilikuwa safi mpaka Mjomba akazionyesha darasani kama mfano.

Sikumuuliza Babu Volti kwa nini. Mimi, niliyelelewa na Sababu, sikuuliza. Alikuwa mzee, alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi, na mimi nilikuwa mgeni ninayetaka kusifiwa.

Kugombana kwa Mjomba na Daktari kulikuwa kama saa ya ukutani katika idara ile: kulikuwepo, kukiendelea, hakuna aliyekusikia tena isipokuwa kulipokoma. Daktari, mhadhiri mwenzake, alikuwa mwanamke mwembamba, mdogo kwa Mjomba kwa miaka ishirini, mwenye tabia ya kuvua viatu chini ya meza anapofikiri. Waligawana ofisi moja iliyokatwa katikati na kabati la mafaili, na walibishana juu ya kabati hilo bila kuonana nyuso.

Ubishi ulikuwa huu. Kila mtu anayesoma fizikia ya vitu vidogo kabisa anafundishwa kwamba huwezi kusema atomi hii itapasuka na kutema chembe lini. Unaweza tu kusema uwezekano wake: katika atomi nyingi, nusu zitapasuka ndani ya muda fulani. Hapo hakuna anayebisha, hesabu inakubali kila mara. Swali ni uwezekano huo unakaa wapi.

Mjomba alisema unakaa katika kutojua kwetu. Rusha sarafu, alisema, na ukijua nguvu ya kidole, uzito na upepo, utajua itakavyoanguka. Kwa atomi pia lazima pawe na kidole na upepo, ila hatujaviona. "Kutojua kwangu," alipenda kusema, "si tabia ya dunia."

Daktari alisema sarafu ni sarafu na atomi ni atomi. Chukua mbili zinazofanana kwa kila kitu, si zinazokaribiana kufanana. Moja itapasuka sasa hivi, nyingine itakaa miaka elfu. Nyuma yake hakuna kidole. Ukifukua mpaka chini kabisa, utakachokikuta ni uwezekano wenyewe, umekaa pale kama mwamba. Na wapo wengine, alinieleza siku moja nikimsaidia kupanga vifaa, wanaosema haumo ndani ya atomi wala nyuma yake, bali ni kipimo cha kile ambacho mtu ana haki ya kutarajia. Nikamuuliza yeye haogopi kuishi katika dunia isiyo na sababu. Akacheka, akasema amekwisha kuishi na kaka watano.

Mimi nilikuwa upande wa Mjomba. Damu ni damu, na isitoshe, maneno yake yalikuwa matamu zaidi.

Mwezi wa sita wa kazi yangu aliingia maabara bila kubisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaweka mchoro mbele yangu. Alikuwa amepima nafasi kati ya kila mlio na unaofuata, maelfu kwa maelfu. Kama milio ingekuja kwa bahati tupu, nafasi fupi kabisa zingepaswa kuwa nyingi kuliko zote. Katika mchoro wake zilikuwa karibu hazipo. Baada ya kila mlio palikuwa na kimya kidogo, kana kwamba chembe zilikuwa zimesikilizana.

Hakuwa mjinga. Alijua kwamba mashine za aina hii huziba masikio kidogo baada ya kila mlio, akapima, akakuta kuziba kwenyewe ni kufupi mno, hakufiki hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kimya alichokiona yeye kilikuwa kirefu mara nyingi mno kuliko hapo. Tena hakikukatika ghafla kama kitu kilichokatwa kwa kisu. Kilififia taratibu, kama kitu cha asili. Laiti ningekuwa napalilia kwa rula, angenikamata siku ile ile. Jicho langu ndilo lililompaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Akamwita Daktari. Daktari alivua viatu, akautazama mchoro muda mrefu.

"Siuamini," alisema.

"Huuamini au huutaki?"

"Vyote viwili. Nionyeshe tepe zenyewe."

Mjomba akajibu kwamba tepe zimenakiliwa na mpwa wake, na kwamba kazi ya mpwa wake ni safi kama maji ya kunywa. Nilikuwa nimesimama pale pale. Nilitabasamu. Mpaka leo, nikikumbuka lile tabasamu, natafuta mahali pa kuweka uso.

Kisha akaniomba nimwandikie makala. Ingechapishwa katika jarida la chuo, kwa Kiswahili, na alitaka Kiswahili kisichokwenda kwa magongo. Hapo alinipata mahali pangu. Niliifanya ile makala kama mtu anayechonga mlango wa nyumba yake mwenyewe. "Chembe hazikurupuki," niliandika katika aya ya kwanza, "hungoja zamu." Mjomba aliisoma sentensi hiyo mara tatu, akavua miwani. Mkuu wa idara aliinakili kwenye kadi za mwaliko.

Kwa hiyo niliandika aya zote nzuri kwanza, na ile aya kavu nikaiacha mwisho.

Ninajua kinachotokea mtu anapolazimika kusema wazi wazi alichokifanya. Mkono ukizoea kazi, kazi inajificha ndani ya mkono. Nilifuta mapacha kila asubuhi jinsi nilivyofunga vifungo vya koti langu, bila kuwaza. Lakini sentensi inataka mtendaji, inataka kitendo, na inataka kitu kilichotendwa. Nilipoviweka vitatu hivyo kwenye mstari mmoja nikaona: kile kimya kati ya milio hakikuletwa na chembe. Kililetwa na fundi sanifu.

Nilimpigia simu Babu Volti. Alinieleza bila wasiwasi kwamba mrija wa zamani ndio uliokuwa na kigugumizi, ukilia mara mbili kwa chembe moja. Ulibadilishwa, alisema, ngoja akumbuke, miaka tisa iliyopita. Nikamuuliza mbona basi aliendelea kupalilia. "Nilizoea," alisema, na nikajua ndiyo anajiuliza kwa mara ya kwanza.

Tepe zote zilikuwa stoo, kwenye maboksi, na chini ya kila mstari mwekundu nambari ilisomeka bado. Nikachukua boksi moja, nikahesabu milio elfu mbili, iliyofutwa na isiyofutwa. Nilimaliza Alhamisi saa sita mchana. Wale mapacha waliporudi mahali pao kimya kiliyeyuka, na mchoro ukawa ule ambao kila kitabu cha fizikia kinao. Nimefikiri sana juu ya hili tangu siku hiyo. Tunadhani bahati humwaga vitu kwa nafasi sawa, kama mtu apandaye kwa kamba. Sivyo. Bahati hurundika hapa, huacha uwazi pale. Mimi niliisafisha mpaka ikaonekana ina mpango.

Nikampigia Mama. Nilitaka aniambie ninachokijua tayari, lakini alikuwa dada kabla hajawa mama yangu. Akaniambia nisimvue nguo kaka yake mbele za watu siku ya kuagwa. Ngoja aagwe, alisema, apigiwe makofi yake, na Jumatatu umwambie polepole. Na kazi yako je? Umebakiza mwezi mmoja wa majaribio, unataka kujichimbia shimo mwenyewe?

Kila alichosema kilikuwa na uzito. Nikaandika barua ya kuacha kazi, nikaikunja, nikaenda kwa Mjomba kwa miguu.

Nilimkuta sebuleni amesimama katikati ya zulia, mikono ameitandaza kama mtu anayepimwa na fundi cherehani. Alikuwa amevaa koti la kesho, na mkaza mjomba, sindano mkononi, alikuwa anamshonea kifungo papo hapo mwilini. Alikuwa anajizoeza mhadhara. Aliponiona akafurahi, akaniambia nikae nisikilize mwanzo.

"Mjomba, ile zamu haipo."

"Ipi?"

"Ya chembe. Nimeitengeneza mimi."

Akageuka, na mkewe akamwambia asitikisike, atamdunga. Basi nikamweleza huku amesimama vile vile, mikono hewani. Nilimweleza Babu Volti, mrija wa zamani, mapacha, wino, boksi. Sikupamba. Mkaza mjomba alikata uzi kwa meno na hakuondoka.

"Barua ya kuacha kazi nimeiandika," nikamaliza, nikaitoa.

"Ina kurasa ngapi?"

"Mmoja."

"Basi ina nafasi mgongoni. Ilete."

Akaketi mezani na koti lake, akaigeuza barua yangu, akaomba kalamu. Nikataka kumtajia hesabu yangu, akainua kidole. "Usiniambie. Jicho lako lilikuwa linakomea wapi? Milio ikiwa karibu kiasi gani, ulifuta?"

Nikasema kama nusu sekunde.

Akakokotoa. Nilikuwa nimemwona akikokotoa maisha yangu yote, lakini siku ile nilitazama mkono wake kwa hofu, kwa sababu nilielewa anachokifanya. Alikuwa amechukua kanuni ya bahati tupu, ile aliyoiita pazia la kutojua kwetu kwa miaka thelathini na moja, ambayo haina kidole wala upepo ndani yake, na alikuwa anaiuliza: kama hakuna sababu, kama hakuna zamu, huyu mtoto angepaswa kuwa amefuta ngapi? Akapigia mstari jibu, akalisukuma kwangu. Katika elfu mbili, mia mbili thelathini na tano.

"Ulifuta ngapi?"

"Mia mbili ishirini na tisa."

Akaitazama tofauti ile. "Sita," alisema. "Bahati inaruhusu hata kumi na nne." Akavua koti polepole, kifungo kipya na yote, akalitundika kwenye kiti. Mkewe alimwekea mkono begani.

Akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema Mama. Alisemaje? Nikamwambia.

"Dada yangu ananipenda vibaya," alisema. Kisha akaniambia niende nyumbani nikalale, na nimletee kesho kipande cha utepe kirefu kiasi cha mkono, chenye wekundu mwingi.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Mkuu wa idara alisoma kadi, chembe zangu zikangoja zamu mbele ya watu mia tatu. Mjomba akapanda jukwaani, akauweka ule utepe kwenye projekta, na ile mistari myekundu ikatokea ukutani, mikubwa kama mbao za uzio.

"Nilikuwa nimewaandalia ugunduzi," alisema. "Nitawaonyesha kosa. Nawaombeni msikilize kwa makini zaidi, maana kosa hili ni zuri."

Akaeleza yote kwa dakika arobaini, bila karatasi. Hakutaja jina la mtu. Aliwaonyesha jinsi kimya kilivyozaliwa, na jinsi kanuni ya bahati ilivyojua idadi ya milio iliyofutwa kabla yeye hajaambiwa. Alipomaliza, mkuu wa idara, ambaye shingo yake ilikuwa imebadilika rangi, akauliza ni nani hasa aliyekuwa akifuta.

Mjomba alifungua mdomo. Nilijua angesema ni yeye. Nikasimama kwenye safu ya tatu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifundishwa hivyo na sikuuliza."

Ukumbi mzima ukageuka. Sauti yangu haikutetemeka, na hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

"Na ndiye aliyelikamata," Mjomba akasema. "Swali lingine."

Makofi yalichelewa, kisha yakaja mengi. Mkuu wa idara aliniita saa nane, akanipa onyo la maandishi na miezi mitatu zaidi ya majaribio. Nikalisoma onyo lote, nikasahihisha neno moja lililokosewa, nikatia saini.

Jumatatu saa mbili kasoro nilikuta taa ya maabara imewashwa. Daktari alikuwa ameshusha maboksi yote kutoka stoo na kuyapanga sakafuni, arobaini na manne, naye katikati yake, pekupeku. Alisema yatahesabiwa upya tangu siku mrija ulipobadilishwa, miaka tisa, na kwamba kazi hiyo inataka watu watatu: wa kusoma, wa kuandika na wa kuhakiki.

Nikamuuliza wa tatu ni nani. Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa. Mjomba alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, mtu asiye na ofisi, na kitambulisho chake cha chuo hakikuwepo tena shingoni. Akavuta kigoda cha wanafunzi, akakikalia, akatengeneza miwani.

"Bado sikubali," alimwambia Daktari.

"Sijakuuliza," Daktari akajibu, na akamsogezea boksi la kwanza.